Bikoni za mita 60 ziko ndani ya maji, tunaanzia wapi kupima?

KatibuMwaloni

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, na kama kuna mtu wa ardhi au wa mazingira humu ndani namuomba asipite kimya kimya.

Mimi ni katibu wa kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji, kijiji chetu kiko kandokando ya Ziwa Victoria, wilaya sitaji manake wenyewe wanasoma humu. Mwaka 2015 tulifanyiwa mpango wa matumizi bora ya ardhi, wakaja wataalamu na gari mbili wakakaa siku kumi na ushee, wakapima, wakachora ramani nzuri ya rangi ambayo mpaka leo iko ukutani ofisi ya mtendaji, mchwa wameshaila upande wa kusini. Kwenye ile ramani mita 60 kutoka ziwani ni kijani, hifadhi ya mwambao, na wakasimika bikoni sita za zege kuonyesha mwisho wa hifadhi. Maji yalipopanda 2020 yakazifuata hukohuko. Saivi bikoni mbili ziko ndani ya ziwa kabisa, moja watoto wanaitumia kurukia wakiogelea, nyingine imekuwa kigingi cha kufungia mitumbwi, na ya tatu iko kwenye matete maji yanafika magotini.

Shida yenyewe ndo hii. Wenye bustani za nyanya wanalima mpaka usawa wa bikoni, ukiwauliza wanakwambia sisi tuko nje ya mita 60, bikoni mliweka wenyewe. Nimeenda nikahesabu kwa mguu wangu, kutoka shina la mwisho la nyanya mpaka maji ni hatua saba. Saba! Wanapiga dawa asubuhi, mvua ikishuka mchana inakokota kila kitu mpaka palepale kina mama wanapochota maji. Nikiwaambia wasogee wananiuliza, mita 60 kutoka wapi katibu, kutoka maji ya leo au maji ya siku ile? Nakosa jibu.

Wavuvi nao wanasema tukipima upya kutoka maji ya leo basi mwalo mzima (pale mitumbwi inapotia nanga) unaingia hifadhini, chanja za kuanikia dagaa, vibanda vya mama ntilie, mpaka ofisi ya BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni), sasa dagaa tutaanika angani?

Mkutano mkuu wa kijiji ni wiki mbili zijazo na mwenyekiti kanitupia ajenda hii niiwasilishe mimi. Tunaanzia wapi kupima? Na kijiji tunaweza kubadilisha wenyewe au mpaka zije gari mbili tena?

---

Kamongo_Mkavu

Subirini maji yarudi, bikoni zitatoka zenyewe 😂

---

Mpima_Mstaafu

Katibu, huyo wa juu anatania lakini kuna ukweli kwenye utani wake, na ndo maana msipime kutoka maji ya leo. Nimefanya kazi ya kupima vijiji miaka mingi, nakueleza kama ninavyojua.

Kwanza sheria. Mita 60 zinatoka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Kisome vizuri, watu wengi wanakikariri nusu. Kinakataza ndani ya mita 60 shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya mwambao wa bahari, ziwa, kingo za mto au bwawa. Hakisemi mtu asikanyage. Mtumbwi uliovutwa mchangani sio shughuli ya kudumu. Chanja ya miti inayobomolewa na kuhamishwa sio jengo. Ila ofisi ya BMU kama ni ya tofali na msingi wa zege, hapo mna maelezo ya kutoa. Na nyanya zinazopigwa dawa hatua saba kutoka majini, hata kama shamba sio jengo, zinaangukia lile la pili, asili yake inaharibu.

Pili hizo bikoni. Sheria inataja mwambao, haitaji bikoni. Bikoni ni kumbukumbu tu ya mahali mlipopima siku ile, ikizama haijahamisha sheria, kwa hiyo mkulima anayesema "niko nje, bikoni ile pale" hana hoja.

Tatu, wapi pa kuanzia. Ziwa hili linapumua. Baada ya mvua kubwa za 1961 lilipanda zaidi ya mita 2, mwaka 1964 likafika juu kabisa, likashuka polepole mpaka 2006 watu wakaanza kulima mahali ambapo babu zao walivua. Mei 2020 kipimo cha Jinja kule Uganda kilisoma mita 13.42, rekodi ya 1964 ilikuwa 13.41. Yaani ziwa lilirudi palepale lilipofika miaka 56 nyuma, limezidisha sentimita moja tu. Kwa hiyo alama ya juu ya maji unayo, sio ya kubuni, ziwa limekuonyesha mara mbili. Pimeni kutoka hapo. Kwa mwambao wa mawe mtaona mstari kwenye miamba (angalieni msichanganye na kinyesi cha ndege, kile cheupe kinachomiminika kutoka juu sio alama ya maji, nimeshaona kijana wa mafunzo anakipima na futi kamba). Kwa mwambao tambarare chukueni wazee, waonyeshe mti uliozungukwa na maji, nyumba iliyohamwa, mahali takataka za ziwa zilipoishia. Ingekuwa mimi ningepima kutoka hapo na ningeandika kwenye muhtasari nani alionyesha nini.

Nne, kuhusu nani anabadilisha. Mpango wa kijiji ni wa kijiji. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unapitisha, sheria ndogo zinapita kata na kwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Wilaya mnawahitaji kwa utaalamu na kwa idhini, lakini kazi ya kutembea mwambao na kukubaliana mstari upite wapi hamhitaji gari hata moja.

---

NyanyaZangu

Mimi ndo hao mnaowasema. Sio wa kijiji cha katibu ila nalima nyanya na vitunguu kando ya ziwa mwaka wa tisa huu, na naomba mnisikilize kabla hamjaniita mharibifu.

Hakuna mtu analima hatua saba kutoka majini kwa sababu anapenda kukanyaga tope. Analima pale kwa sababu anamwagilia kwa ndoo. Ndoo mbili, mke na watoto, asubuhi na jioni, shamba la robo eka. Mita 60 ukibeba ndoo sio mita 60, ni mita 120 kwenda na kurudi, mara safari mia. Ukiniambia nisogee sawa nasogea, lakini niambie maji yatanifuata na nini. Mashine ya kumwagilia ninayo ya kukodi, elfu kumi na tano kwa siku bila mafuta, bomba langu lina mita 30 na limetoboka sehemu nne nimefunga na mpira wa baiskeli. Kijiji kikisema ukanda uachwe lakini kikatenga njia tatu nne za kupitishia bomba, na tukajiunga watu kumi tukanunua bomba refu moja, mimi wa kwanza kusogea, naapa.

Halafu kitu kinachonikera. Karibu na kwetu kuna mtu mwenye pesa kajenga ukuta mpaka ndani ya ziwa, mtumbwi ukipita unapiga kasia kwenye tofali. Amekaa pale miaka minne. Siku walipokuja watu wa mazingira waling'oa mchicha wetu, ukuta wakaupiga picha wakaondoka. Kwa hiyo katibu ukisimama kwenye mkutano ukaanza na nyanya, utazomewa. Anza na ukuta kama upo.

---

Mama_Chanja

Nyanyazangu umesema kweli kaka yangu, tena umeongea kwa upole.

Mimi naongea habari ya dagaa. Katibu mdogo wangu, 2015 walipokuja hao wataalamu na gari zao waliongea na nani? Kwetu walikuja mwaka unaokaribiana na huo, wakakaa chini ya mwembe na wanaume, sisi tuko mwaloni tunageuza dagaa manake dagaa hawasubiri kikao, mvua ikiwakuta wamelala chini ni hasara. Mwisho wa yote ramani ikatoka, eneo walilotuandikia "mwalo" ni kule kwenye majabali ambako mtumbwi hauwezi kutia nanga, na eneo tunaloanika miaka yote wamepaka kijani. Tukauliza, tukaambiwa hamkuja kwenye kikao. Kikao kilikuwa saa nne asubuhi! Saa nne mtumbwi wa karabai umeshaingia usiku wa manane, dagaa wameshamwagwa, jua ndo linaanza kuwaka, mwanamke gani wa mwaloni anaacha mzigo wake saa nne?

Ushauri wangu, tembeeni mwambao na watu wanaoutumia, kila mtu kwa saa yake. Asubuhi na mapema nenda uone wanaochota maji wanachota wapi, manake hawachoti pale pale wanapofulia, wanajua wenyewe mkondo unaelekea wapi. Saa nne njoo mwaloni. Jioni fuata ng'ombe uone wanashukia wapi kunywa. Ukimaliza siku hiyo unayo ramani nusu.

Na hizo chanja msiziogope. Dagaa wa chanjani hana mchanga, bei yake ni nzuri, na tukianika juu hatuhitaji kufyeka nyasi za ufukweni kutandika chini. Shida ya mwalo sio chanja jamani, ni choo. Mwalo wa watu mia tatu choo tundu mbili, na limojawapo lina kufuli ya mwenyekiti.

---

Kamongo_Mkavu

Kufuli ya mwenyekiti nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Ila mama umeongea pointi.

---

NyarDunga

Hamjambo ndugu zangu wa TZ. Mimi niko Kisumu, karibu na Dunga beach, nimeona hii maneno nikasema wacha nichangie kwa sababu 2020 hiyo maji ilitupata vibaya sana, vibanda za samaki zilisimama ndani ya maji watu wakauza omena (dagaa) wakiwa wamevaa gumboots.

Huku kwetu sheria inasema mita 6 mpaka 30 lakini inapimwa kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko, si maji ya siku hiyo, so huyo mzee mpima ako sawa. Uganda nao wako na mita 200 kwa ziwa Victoria. Ziwa ni moja, samaki anaogelea nchi tatu bila passport, na kila nchi iko na futi yake. Sisi tuko na kama asilimia 6 tu ya hili ziwa lakini magugu maji yakishapata upepo yanakuja kulala kwetu yote, ghuba yetu imefungwa kama chupa. Unaamka asubuhi mahali kulikuwa na maji jana leo ni shamba ya kijani, boti haitoki. Hayo magugu yanakula nini? Mbolea na uchafu ya mashamba na ya town. Ile nyanya ya hatua saba inafika mbali kuliko mwenyewe anavyofikiria.

Nataka kuwaambia juu ya mafunjo. Pale Dunga tuko na kinamasi ya mafunjo, na ukweli ni watu walikuwa wanakata na kuchoma ovyo, wengine walime, wengine wasuke mikeka. Kilichosaidia si bikoni. Ni wale wenyewe wanaokata mafunjo na vijana wa beach walikaa wakaona kuna kitu ya kula hapo bila kuimaliza: mikeka na vikapu, na wageni wanakuja kuona ndege, kuna njia ya mbao imejengwa juu ya kinamasi unatembea mpaka ndani. Kuna ndege mmoja tumbo nyekundu anaishi kwenye mafunjo pekee, wazungu wanaamka saa kumi na moja kumtafuta. Mafunjo ukikata vizuri yanarudi, ukichoma mara kwa mara ama ukilima mizizi ndio yameenda. Si eti kila kitu ni sawa, kila mwaka kuna mtu anajaribu kumwaga mchanga ajenge, lakini akianza kuna watu wa kupiga kelele kwa sababu ni sufuria yao inaguswa.

So bikoni yenu ya zege mimi ningepanda mafunjo na matete badala yake. Maji ikipanda yanasonga nayo.

---

Mvuvi_wa_Sato

Naongezea hapo kwa dada wa Kisumu manake mtu akisikia "hifadhi ya mwambao" anadhani ni ya ndege na wazungu. Mimi navua sato kwa nyavu halali, mtu wa BMU, na nawaambia yale matete ndo wodi ya wazazi. Sato dume anachimba kisahani mchangani kwenye maji mafupi, siku maji yakiwa meupe unaviona kama mtu kapanga sinia. Jike anataga pale, anayachukua mayai mdomoni anakaa nayo mpaka vitoto vitoke, na vitoto vinajificha kwenye matete na mafunjo. Ukifyeka matete ukalima, au mtu akapitisha kokoro (wavu wa kukokota) pale, umevua watoto pamoja na mama yao. Halafu mwezi wa pili mnalalamika sato hamna, ziwa limelaaniwa, tumlete mganga.

Kwa hiyo katibu kwenye ramani yako usiishie nchi kavu. Chora na mazalia, yaani upande wa majini. Sisi wavuvi tunayajua yalipo, tena tunayajua vizuri kwa sababu ndo tunakoiba usiku 😅 Kijiji kikikubali kwamba ghuba fulani haivuliwi, BMU italinda, lakini msituachie peke yetu, doria inakula mafuta na anayekamatwa ni shemeji yako.

Mikaratusi msipande huko ufukweni, naona vijiji vingine vinapewa miche wanapanda mikaratusi eti mazingira. Pandeni mikuyu na mizambarau.

---

Mpima_Mstaafu

Mvuvi umenikumbusha hesabu moja. Katibu, tafuta sehemu iliyo tambarare zaidi kijijini kwako. Tuseme kila mita 40 unazotembea kutoka majini ardhi inapanda mita 1. Maji yakipanda mita 1 na nusu, yanaingia mita 60. Hifadhi yote imelowa bila mtu kuvunja sheria. Lakini upande wa majabali mita 1 na nusu hiyohiyo inasogeza maji hatua mbili. Kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita 1 kwa miezi michache tu. Kwa hiyo mstari ulionyooka kwenye ramani ni uvivu wetu sisi wataalamu, nakiri. Mstari wenu uwe na kona: tambarare muwe wakali zaidi, msiruhusu hata nyumba ya udongo, kwenye majabali msibishane sana.

Na kwa Mama_Chanja, nimesoma nikanyamaza dakika nzima. Mimi ni mmoja wa waliokuwa wanaita vikao saa nne.

---

KatibuMwaloni

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea. Juzi nimefanya alivyosema mama, nimetembea mwambao siku nzima na wazee wawili, vijana wa BMU na kina mama watano. Mzee mmoja alitupeleka kwenye mkuyu ulio nyuma ya shule ya msingi, akasema mwaka 1964 akiwa mtoto walikuwa wanafunga mtumbwi wa baba yake kwenye mzizi ule. Kutoka mkuyu ule mpaka maji ya leo ni hatua 94. Tulikaa kimya pale manake choo cha shule kiko mbele ya mkuyu, upande wa ziwani.

Nitaleta mrejesho baada ya mkutano.

---

NyanyaZangu

Na ukuta je? Upo au haupo?

---

KatibuMwaloni

Mrejesho. Akidi ilitimia, tuliita saa kumi jioni badala ya saa nne na kina mama walijaa mpaka wengine wakakaa nje ya uzio.

Alama ya juu ya maji imekubaliwa kuwa ni ya 2020, ya mkuyu tumeiandika kwenye muhtasari kama kumbukumbu tu, manake mtumbwi unaweza kuvutwa ukafungwa juu zaidi ya maji yalipoishia, na tungeanzia pale nusu ya kitongoji kinahama. Mwalo umebaki ulipo kwa mita 150 za ufukwe, chanja ruksa, jengo jipya hapana. Ofisi ya BMU wamekubali wenyewe kwamba ikichakaa haijengwi tena pale, ila walivyokubali haraka vile nadhani ni kwa sababu ina miaka mitatu tu. Njia za bomba zimetengwa nne na moja ya ng'ombe. Wenye bustani wamepewa mpaka wavune nyanya zilizopo shambani, baada ya hapo hatua saba hakuna. Watu 14 wamejiandikisha kuchangia bomba, tulipopitisha daftari la hela walibaki sita.

Choo cha mwalo kimeongezwa kwenye mpango, na kufuli imetolewa palepale mkutanoni, mama mmoja alisimama akaomba funguo mbele ya watu.

Ghuba ya mazalia imegoma. Wavuvi wa upande wa pili walisema hawakutembea na sisi siku ile, na ni kweli hatukuwaita. Jumamosi naenda kwao, wamesema nije usiku wakati wanatoka, sio mchana.

Na ukuta, kaka, upo mmoja. Wa diwani mstaafu. Ajenda ilipofika hapo mwenyekiti akasema muda umekwenda.